Msimu wa filamu huanzia ghalani

Kila Januari, baridi ikiwa imeikaba New York na kumbi za kawaida zikiwa bado zinamalizia filamu za sikukuu, Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, yaani MoMA, hufungua msimu usio na nyota wa kupiga naye picha mlangoni. Unaitwa To Save and Project. Ulianza mwaka 2003, na kazi yake ni kuonyesha filamu zilizooza, zilizokatwakatwa, zilizopotea au zilizosahaulika, baada ya mafundi kuzihangaikia hadi zikaonekana tena. Nyingine hutoka kwenye ghala la makumbusho yenyewe, nyingine huletwa na hifadhi za nchi nyingine. Wengi wa walioziigiza ni marehemu, na waliozilipia hawana tena faida ya kupata.

Ratiba ya sinema pale MoMA huenda kwa misimu. Kuelekea mwisho wa mwaka kuna The Contenders, ambapo huonyeshwa filamu za mwaka huohuo ambazo makumbusho yanaamini zitadumu, na waongozaji na waigizaji huja kuzungumza na watazamaji. Februari ni zamu ya filamu za hali halisi katika Doc Fortnight. Machi na Aprili huja New Directors/New Films, ambayo MoMA imekuwa ikiiandaa pamoja na wenzao wa Lincoln Center tangu 1972 kwa ajili ya waongozaji wanaochipukia. Huu wa waongozaji wapya nauheshimu, kwa sababu mtu mwenye filamu ya kwanza au ya pili hana pa kuegemea. Ule wa mwisho wa mwaka naupa uzito mdogo. Filamu zake nyingi tayari zina kampuni kubwa nyuma yake, zina fedha za matangazo na ziko mbioni kuwania tuzo. Zingeonekana hata kama makumbusho yangekuwa yamefunga milango.

Kinachoitofautisha sinema ya makumbusho na ukumbi mwingine wowote mzuri wa filamu ni ule msimu wa Januari. Na msimu huo haupangwi ofisini. Hupangwa ghalani, mara nyingi na mtu aliyekwisha kufa, ambaye alipokuwa akiweka makopo ya mikanda kwenye rafu hakujua nani angekuja kuyafungua. Ndiyo maana naona tunakosea tunapozipima sinema za namna hii kwa filamu mpya zinazoleta. Zipimwe kwa kile zilichotunza wakati hakuna aliyekitaka.

Kwa MoMA mtu huyo ni Iris Barry, Mwingereza aliyezaliwa Birmingham mwaka 1895, mhakiki wa filamu magazetini na mmoja wa waanzilishi wa Film Society ya London mwaka 1925. Alihamia New York, akaingia MoMA kama mkutubi mwaka 1932. Mwaka 1935, kwa msaada wa fedha za Rockefeller Foundation, makumbusho yakaanzisha Maktaba ya Filamu, naye akakabidhiwa makusanyo yake. Leo ni vigumu kuona jinsi wazo hilo lilivyokuwa geni. Filamu ilikuwa bidhaa ya kupita. Ikishamaliza mzunguko wake, studio haikuona sababu ya kuitunza: mkanda wa naitreti, uliotumika enzi hizo, unashika moto upesi mno, unakula nafasi, na ndani yake mna madini ya fedha ambayo mtu angeweza kuyatoa na kuyauza. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu bubu zikaonekana takataka kabisa. Mwaka 1936 Barry na mumewe John Abbott, aliyekuwa mkurugenzi wa Maktaba hiyo, walifunga safari ya Ulaya, wakapita London, Paris, Berlin na Moscow wakitafuta nakala. Mwaka 1938 MoMA pamoja na hifadhi za London, Paris na Berlin wakaunda shirikisho la kimataifa la hifadhi za filamu, FIAF, ambalo lipo mpaka leo.

Mwaka 1939 makumbusho yalihamia jengo jipya katika Mtaa wa 53, lenye ukumbi wake wa filamu. Watazamaji walikuja kwa wingi, na wengi walikuja kucheka. Waliwaona waigizaji wa miaka ishirini nyuma wakirusha mikono na kutumbua macho, basi wakaangua vicheko mahali pa machozi. Barry alikuwa na kiti chake maalumu chenye simu ya kumfikia mwendesha projekta, na slaidi ilikaa tayari kuwaonya watu kwamba kelele zisipokoma onyesho litasimamishwa. Siuhesabu huo kuwa ukali wa bure. Alikuwa anawazoeza watu kukaa na kitu kilichotengenezwa kwa watazamaji wengine, wa wakati mwingine, bila kukidai kifanane nao. Filamu ya zamani inamtaka mtu wa kukupokea mlangoni. Kwa hiyo alipanga filamu kwa mfululizo, moja ikifungua njia ya nyingine, akaziandikia maelezo, na kuanzia 1936 mifululizo hiyo ilisafirishwa kwenda vyuoni na kwenye makumbusho mengine ya Marekani. Wazo la "msimu" kama tunavyolijua leo, filamu kadhaa zilizochaguliwa na kupangwa kwa hoja, lilipata mwili wake pale.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho kwangu ndicho ushahidi mkubwa kuliko wote.

Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Biograph, iliyokuwa kubwa enzi za filamu bubu, haikuwa tena na biashara, na negativu zake zilikuwa zimerundikana. Barry akazichukua, kiasi cha 900. Sababu inaeleweka: D.W. Griffith alijifunzia kazi Biograph, na Barry alimhesabu kuwa gwiji wa sinema ya Marekani. Mwaka 1940 makumbusho yalimfanyia Griffith maonyesho makubwa na Barry akaandika kitabu juu yake. Ni Griffith huyohuyo ambaye mwaka 1915 alitoa filamu ya kuwatukuza Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, na kuwachora Wamarekani weusi kama watu wa kuogopwa.

Ndani ya rundo lilelile mlikuwa na reli saba, yaani mizingo saba ya mkanda, zisizo na jina. Zilikaa. Vita Kuu ya Pili ilikuja ikapita, Barry akastaafu na kwenda kuishi Ufaransa, akafariki mwaka 1969, vuguvugu la haki za kiraia likatikisa nchi nzima, na reli zile bado zimo koponi. Ni mwanzoni mwa karne hii ndipo wataalamu wa MoMA walipozitazama kwa makini na kumwona Bert Williams, mzaliwa wa Nassau huko Bahamas, mchekeshaji mweusi aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote katika majukwaa ya Broadway ya wakati wake. Alikuwa akiongoza kundi kubwa la waigizaji weusi katika filamu iliyopigwa mwaka 1913 na kuachwa bila kumaliziwa. Hapakuwa na orodha ya majina wala maandishi ya mazungumzo, wala mpangilio wowote. Ni vipande vilivyopigwa, vikarudiwa, vikapigwa tena. Watafiti wakawaita wasomaji wa midomo wawaeleze waigizaji wanasema nini, wakalinganisha sura na picha za maigizo ya wakati ule ili kujua nani ni nani.

Ilionyeshwa mwishoni mwa 2014, katika msimu wa To Save and Project wa mwaka huo, wakati msimu ulikuwa bado haujahamia Januari, miaka 101 tangu kamera ilipozunguka. Makumbusho hayakujifanya yanaikamilisha kwa niaba ya wafu. Vipande vilipangwa kwa mfuatano wa kisa, na marudio yakaachwa yaonekane. Kwa sababu hiyo tunaona vitu ambavyo filamu iliyomaliziwa ingevikata. Tunamwona Williams akiwa amepakwa masizi usoni, kama desturi ya kibaguzi ya jukwaa la Marekani ilivyomlazimu, na kando yake waigizaji wenzake weusi wakiwa na sura zao wenyewe, wamevaa vizuri, wanatembea kwa madaha. Tunaona mashindano ya dansi ya cakewalk. Tunamwona Williams na mpenzi wake juu ya farasi wa mbao wa bembea la kuzunguka, halafu busu, jambo ambalo sinema ya Marekani iliendelea kuwanyima watu weusi kwa miongo mingi baadaye. Na baina ya kipande na kipande, kabla mwongozaji hajasema waanze, tunaona watu weusi na weupe kazini pamoja, mmoja anarekebisha kofia, mwingine anacheka na mwenzake. Ni sekunde chache tu. Hakuna aliyezikusudia kwa ajili yetu.

Barry aliokoa rundo kwa ajili ya mtu mmoja, na lililotupa sisi faida kubwa zaidi ni la mtu mwingine. Hapo ndipo ninapoona ubora wa ghala juu ya ladha. Ladha ya mchaguzi, hata akiwa hodari kama Barry, ni ladha ya wakati wake. Angechukua kazi za Griffith peke yake, kama wengi wangefanya kuokoa gharama, reli saba zingeishia kwenye tanuri. Ghala zuri huwa kubwa kuliko akili ya anayelisimamia, na linagharimu. Mwaka 1996 MoMA walifungua kituo chao cha uhifadhi huko Hamlin, Pennsylvania, mbali na majumba marefu, mahali ambapo mikanda inakaa katika ubaridi na ukavu unaodhibitiwa. Makusanyo yao leo yamepita filamu 30,000. Asiyejua kazi hii hudhani filamu huharibika kwa kuchezwa sana. Adui mkubwa zaidi ni joto na unyevu. Mkanda wa asetati, aina nyingine ya mkanda wa filamu, ukianza kufa hutoa harufu ya siki. Ukifungua kopo ukainusa, ujue mchakato hauwezi kugeuzwa, unaweza kucheleweshwa tu kwa baridi.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Wana hoja, lakini historia yenyewe inatuweka karibu na New York kuliko tunavyodhani. Mwaka uleule wa 1935 Maktaba ya Filamu ilipoanzishwa kwa fedha za Rockefeller, taasisi nyingine ya mji huohuo, Carnegie Corporation, ilikuwa inalipia filamu Tanganyika. Mradi ule uliendeshwa na Baraza la Kimataifa la Misheni, ukaitwa Bantu Educational Kinema Experiment, na studio yake ilijengwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Kati ya 1935 na 1937 wakiongozwa na Meja Notcutt walitengeneza filamu fupi 35 zilizowatumia wenyeji kama waigizaji: masomo ya afya, kilimo, kodi, kuweka akiba posta. Maneno yalirekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na filamu zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake.

Tazama fedha za mji mmoja zilivyofanya kazi mbili. Huku zinawatunzia Wamarekani sinema kama sanaa ya kukumbukwa, kule zinawapa Waafrika sinema kama dawa ya kunyweshwa. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuzitunza filamu za Vugiri, kwa sababu dawa ikishanywewa chupa hutupwa. Katika 35, zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu, na ziko kwenye hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Moja inahusu mafunzo ya mifugo, moja minyoo ya safura, moja mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro.

Sizitetei filamu zile. Zilitengenezwa na watu walioamini kwamba Mwafrika hajui kutazama na lazima aelekezwe. Lakini ndani yake mna watu wa Kingolwira wa mwaka 1936, nyumba zao, majembe yao, namna wanavyosimama wanapoongea. Kama ilivyokuwa kwa Barry na negativu za Griffith, aliyepiga picha alikuwa na lengo lake, na kilichobaki kina thamani isiyolingana na lengo hilo. Nikifikiria zile 32 zilizopotea, sifikirii hotuba za Meja Notcutt. Nafikiria nyuso.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2010 huko Wakaliga, kitongoji cha Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, kwa kompyuta alizoziunganisha mwenyewe. Dunia nzima ikaipenda kupitia intaneti. Wale wa Wakaliga walifika hadi Kassel, Ujerumani, mwaka 2022, katika documenta, mojawapo ya maonyesho makubwa kabisa ya sanaa ya kisasa. Lakini nakala asilia ya filamu ile haipo tena, ilifutika. Kilichosalia ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake, yule mtafsiri anayechekesha, anayetangaza na kushangilia mwanzo hadi mwisho. Wageni wengi hudhani sauti ile ni sehemu ya ubunifu wa mwongozaji. Kwetu sisi tunaijua: ndiyo namna watu wa Afrika Mashariki walivyotazama filamu za kigeni kwenye vibanda vya video, ambavyo Tanzania tunaviita vibanda umiza, kwa miaka mingi. Kenya wanaye DJ Afro. Tanzania tulikuwa na marehemu Lufufu, ambaye vibanda umiza vilijaa kwa sababu ya koo lake.

Kazi ya Lufufu na kazi ya Barry ni jamaa wa karibu. Wote wawili walimpokea mtazamaji mbele ya filamu isiyomlenga na kumpa mlango wa kuingilia. Barry kwa karatasi ya maelezo na mpangilio wa mfululizo, Lufufu kwa sauti, majina ya mitaa yetu na mizaha ya papo kwa papo. Tofauti ni kwamba kazi ya Barry imewekwa kwenye makabati, na ya Lufufu iko kwenye kanda za VHS na diski zilizonakiliwa na kunakiliwa upya, majumbani mwa watu, kwenye joto la Pwani. Julai 2016 Funai ya Japani, kampuni ya mwisho iliyokuwa bado ikiunda deki za VHS, iliacha kuziunda. Kila mwaka unaopita deki zinazofanya kazi zinapungua, kichwa cha deki kinachakaa, kanda inaota ukungu.

Na filamu zetu wenyewe za Bongo zimo katika hatari hiyohiyo. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika Leaders Club, Dar es Salaam, ulionyesha wazi kwamba watu hawa walikuwa na sinema yao na walimpenda mtu wake. Filamu za kizazi chake zilipigwa kwa kamera za video, zikahaririwa kwenye kompyuta za nyumbani, zikauzwa kwa diski Kariakoo. Kanda mama, zile za kwanza ambazo nakala zote zilitokana nazo, ziko wapi? Wengi hujibu kwamba filamu zipo YouTube, basi yameisha. Hayajaisha. Kilichopo mtandaoni ni nakala iliyobanwa, mara nyingi imekatwa mwanzo na mwisho, imewekwa na mtu asiye na haki nayo, na akaunti ikifungwa leo filamu inaondoka nayo. Hiyo huwezi kuikuza kwenye kiwambo cha ukumbi miaka 30 ijayo ukapata picha.

Kuna juhudi kubwa za bara zima, na nazishukuru. Mwaka 2017 Film Foundation ya Marekani, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika FEPACI na UNESCO walianzisha mradi wa kutafuta na kurejesha filamu 50 za Kiafrika zenye umuhimu wa kihistoria. Filamu ya Med Hondo wa Mauritania, Soleil Ô, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, na maabara ya Bologna, Italia, iliifanyia kazi ya kupigiwa mfano. Lakini orodha ya 50 ni orodha ya kazi bora, na nimeshasema ladha ya wakati haitoshi. Bologna hawatakuja Kinondoni kuokota kanda ya filamu ya mapenzi ya mwaka 2006 yenye sauti mbovu. Hiyo ni kazi yetu, na haihitaji kwanza jengo la kifahari. Inahitaji chumba kimoja kikavu chenye kiyoyozi kisichozimwa, deki chache nzuri zilizonunuliwa wakati bado zinapatikana, fundi anayelipwa kila mwezi, na nakala tatu za kila kitu katika sehemu tatu.

Chumba hicho kikiwepo, msimu wa kuonyesha nausubiri kwa hamu, na najua ningependa uanze vipi: Ngome Kongwe, Zanzibar, ambako ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, imewazoesha watu kukaa usiku wakitazama filamu chini ya anga. Jioni ya kwanza, zile tatu za Vugiri, zikiombwa kutoka London, pamoja na mtangazaji wa kibanda umiza aliye hai akizisemea upya kwa Kiswahili cha leo, awajibu wale wakoloni papo kwa papo. Jioni ya pili, kanda moja ya Lufufu, yote, bila kukatwa. Ya tatu, filamu ya Bongo kutoka kanda mama yake, na walioigiza wakae mbele.

Ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu kanda yenyewe bado haijapatikana. Mtu aanze sasa hivi kuzunguka Kinondoni, Sinza na Kariakoo na daftari, aulize kila mtayarishaji, mpiga picha na mhariri wa miaka ile: kanda mama iko kwa nani, ni ya aina gani, kamera gani iliipiga, haki za filamu ziliuzwa kwa nani na mkataba uko wapi. Wengi wa watu hao wako hai, simu zao zinapatikana, na bado wanakumbuka.